Mtoto Hajambo

Tarehe 3 Machi

Mwanangu Kijino,

Naanza na kukujulia hali haraka haraka, kabla huyu bibi aliyelala mapajani mwangu hajaamka akaniamuru niweke kalamu chini. Hujambo? Mama mkwe wako hajambo? Na mwenye nyumba yako, bado yuko huko kwenye mitambo yao ya umeme, au wamempa ruhusa aje aone alichokizaa?

Sisi wazima. Baba yako anakusalimu. Kifua kinamsumbua asubuhi, ila likitoka jua anakaa na redio yake na kubishana na watangazaji kama vile wanamsikia. Seremala wangu naye mzima. Nikimwangalia naona amerefuka, nadhani ni kwa jinsi anavyotembea siku hizi.

Habari za kujifungua kwako nilizipata kwenye simu ya dukani. Nilipiga vigelegele pale pale, na foleni nzima ikajua una mtoto wa kiume. Ndiyo maana nakuandikia barua. Simu ile ina masikio mengi kuliko waya.

Haya sasa. Wewe ni mkunga na mimi ni fundi cherehani, lakini safari hii nimekutangulia kwa wiki tatu, kwa hiyo niheshimu. Miaka kumi na minne, mwanangu. Watu walishaacha hata kuniuliza. Walikuwa wakipakata watoto wao mbele yangu wanashusha sauti, kama mtu anayekula mbele ya mgonjwa. Seremala ametengeneza vitanda vya watoto wa mtaa mzima. Cha kwetu alikianza baada ya mtoto kuzaliwa, hakuthubutu kabla. Siku ya kwanza tulimlaza kwenye droo ya kabati.

Tunamwita Kibibi, kwa sababu alizaliwa na makunyanzi ya paji la uso kama mtu aliyekuja kudai mirathi. Ni mpole ajabu. Unaijua mashine ya kusaga iliyo mbele ya kibanda changu, inavyonguruma ikiwashwa? Wateja wanaruka, mimi mwenyewe sindano inanichoma, yeye usingizi wake hauguswi. Wanawake wote wananionea wivu. Wanasema Mungu akichelewa hulipa na riba.

Sasa wewe. Nataka kila kitu. Anafanana na nani? Analia vipi? Nyumbani mnamwitaje? Usinifiche hata ukucha.

Ni mimi shangazi yako, niliyekufunga uzi kwenye jino lile la mbele nikaufunga na mlango, na bado unanipenda.


Tarehe 21 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea, na nimefurahi kusikia wote hamjambo. Mpe baba shikamoo yangu, mwambie apake mafuta ya kifua kabla ya kulala na asikae dirishani. Mzee Seremala naye msalimie.

Huku tunaendelea vizuri. Mama mkwe alikuja kabla sijajifungua na ataendelea kuwepo. Baba wa mtoto alikuja siku nne akarudi kazini. Mtambo mmoja umeharibika na wao ni wachache.

Chuchu zikikupasuka, usizioshe kwa sabuni. Kamua maziwa kidogo, jipake, acha yakauke yenyewe. Hakikisha mtoto anashika ziwa lote, si ncha tu. Kitovu kama kimeshadondoka na pamekauka, usipake chochote, hata shoga zako wakikushauri. Akilala sana mchana mwamshe anyonye. Ukiona homa, usisubiri kesho.

Mtoto hajambo. Uzito wake unaongezeka inavyotakiwa. Anapata chanjo kwa wakati. Mama mkwe anamwogesha asubuhi, naye anamwita Bwana Mkubwa. Akilia nambeba, akinyamaza namlaza. Nepi nafua mwenyewe, sipendi zikae.

Likizo yangu ya uzazi inaisha mwezi wa tano. Nadhani itakuwa vizuri kurudi kazini.

Wasalimie wote.

Mwanao.


Tarehe 14 Aprili

Wewe Kijino,

Hiyo ni barua au ni ripoti ya zamu? Nimeisoma hadi mwisho nikitafuta mahali pa kutia sahihi! Baba yako alipotaka nimsomee ilibidi niongeze chumvi yangu mwenyewe: nikamwambia umesema mtoto ana pua yake. Alishinda siku nzima anajigusa pua. Sasa usije ukaniumbua.

Hajambo lakini, huyo mjukuu? Na mama mkwe mnaelewana? Mkwe anayeogesha mjukuu ni wa kushikwa kwa mikono miwili, ila asikunyang'anye mtoto. Kuogesha ni raha ya mama. Mimi nikimtia Kibibi kwenye beseni ananikazia macho vile, hapepesi, kama anasoma bango. Kila ninapokwenda macho yapo. Nikitoka mbele yake analia, nikirudi ananyamaza. Nikimsemesha kutoka chumba cha pili, bado analia tu, mpaka anione. Ndiyo mapenzi hayo.

Nimerudi kibandani. Shule zinafunguliwa na wazazi wote wanakumbuka sare siku moja. Namweka Kibibi kwenye kikapu chini ya meza ya kukatia, mguu mmoja kwenye cherehani, mwingine unabembeleza kikapu. Ukiniona utadhani nacheza ngoma peke yangu.

Halafu nilikuwa nataka kukuuliza, kwa kuwa wewe ndiye mwenye elimu hiyo. Kuna jirani yangu hapa, muuza mkaa, ana mtoto wa umri kama wa Kibibi. Anasema mtoto wake akiitwa hageuki, na mlango ukipigwa na upepo hashtuki. Mimi nimemwambia ni mapema bado, watoto hawalingani, na asijitafutie presha. Nimesema vizuri? Ukipata nafasi uniambie, nimpelekee jibu. Si haraka.

Baba yako anauliza utakuja lini.

Shangazi yako.


Tarehe 6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama. Kuhusu baba kuambiwa habari za pua, acha tu aamini.

Nimesharudi wodini. Mama mkwe anabaki na mtoto, nami nakamua maziwa asubuhi kabla sijatoka. Mtoto hajambo.

Kuhusu jirani yako: mwambie hivi. Asubiri mtoto awe ameamka, ameshiba, ametulia. Mtu mmoja akae mbele yake amchezee kimya kimya. Yeye mama asimame nyuma, mbali kidogo, kivuli chake kisionekane na khanga yake isipepee. Kisha agonge kifuniko cha sufuria kwa kijiko, mara moja, kwa nguvu. Asikidondoshe sakafuni, maana mtoto atahisi mtikisiko na mama atajidanganya kwamba kasikia. Kama mtoto hapepesi jicho wala hasiti kidogo, ampeleke hospitali kubwa akapimwe masikio. Si baadaye. Sasa. Mtoto anayejulikana mapema husaidiwa mapema. Mwambie pia si kosa lake, maana najua ndilo swali atakalolala nalo.

Na mimi nina swali kwako. Kuna mama mmoja alijifungulia hapa wodini kwetu. Mtoto mzima, uzazi wake haukuwa na shida. Anamnyonyesha, anambadilisha, hajamnyima kitu. Lakini hasikii chochote moyoni. Ni kama kaachiwa mzigo wa abiria mwenzake amwangalizie, na abiria mwenyewe harudi. Watu wakimwambia hongera anatazama nyuma kuona wanaongea na nani. Ameanza kuogopa kubaki naye peke yake. Wewe umelea mtoto usiyemzaa, na sasa unalea uliyemzaa. Ungemwambia nini?

Si haraka.

Mwanao.


Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi tupo. Baba yako ameshikwa na mafua, redio nayo imeharibika, kwa hiyo nyumba ina wagonjwa wawili. Seremala amepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule, tunapumua vumbi la mbao kama unga.

Jirani nimemfikishia maneno yako. Amesema ahsante. Hajafanya hilo la kifuniko, ana shughuli nyingi, na nadhani mtoto wake ni mzima tu. Juzi aligeuka alipoitwa. Au niliona hivyo. Basi tuliache.

Huyo mama yako wa wodini amenikera, nisikufiche. Eti hasikii kitu! Mwambie amche Mungu. Mwambie kuna wanawake wamelowesha mito kwa miaka kumi na minne, wamekunywa kila mzizi uliochemshwa, wameitwa magogo na mawifi zao. Yeye kapewa mtoto mzima, macho yanaona, masikio yanasikia, halafu ananuna kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza? Angenipa mimi. Angeona kama ningesema sisikii kitu. Wengine hawastahili, basi tu.

Nisamehe ukali, sikulala vizuri. Wewe na Bwana Mkubwa wako mko salama, hilo ndilo linalonipa nguvu. Nipe habari zake basi, hata mistari miwili. Meno?

Shangazi yako.


Tarehe 2 Julai

Kijino,

Salamu zangu zikufikie popote ulipo kwenye shughuli zako. Sijapata jibu. Najua wodi haina huruma na wakunga ni wachache. Nipe neno moja tu.

Redio imetengenezwa. Baba yako amerudi kwenye mabishano.

Shangazi yako.


Tarehe 25 Julai

Mwanangu,

Nimepiga simu nikaongea na mama mkwe wako. Alisema, "Tupo, tupo tu." Nikamwomba akuite, akasema umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wewe tangu udogo wako hujawahi kulala saa nne asubuhi hata ukiwa na homa. Kuna nini?

Mimi sina wa kumwambia isipokuwa wewe, kwa hiyo nasema, hata kama hujibu.

Hakuna jirani. Muuza mkaa ana umri wa kuwa bibi. Mtoto ni Kibibi.

Nilikuwa nimelijua siku nyingi na nikawa nalizunguka kama mtu anayezunguka shimo barabarani, anaenda kazini na kurudi, halitazami. Jumapili iliyopita nikamwambia Seremala, "Kaa mbele yake umchezee." Akauliza, "Kuna nini?" Nikasema, "Wewe kaa tu." Nikasimama nyuma kama ulivyoagiza. Nilivua hata bangili. Nikagonga kifuniko cha sufuria kubwa, ile ya maji.

Baba yako aliyeko barazani alipiga kelele kuuliza nini kimeanguka. Mbwa wa nyumba ya tatu alibweka. Kibibi alikuwa anacheka na baba yake. Akaendelea kucheka.

Seremala akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Akampakata, akatoka naye uani, nikamwona kupitia dirishani amesimama tu, mgongo umenigeukia.

Nilidhani nimepewa mtoto mpole. Nimejisifia upole wake kwa kila mteja.

Niandikie, mwanangu. Hata unigombeze.

Shangazi.


Tarehe 9 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Kwamba hakuna jirani nilijua tangu barua yako ya Aprili. Mama akisema kuhusu mtoto wa jirani, sisi wodini humwambia alete mtoto wake tumwone. Nilitaka kukuambia wazi, nikaona mwenyewe utafika. Mpeleke akapimwe. Nimekuandikia jina la idara kwenye karatasi ya pili, na cha kuwaambia pale mapokezi ili wasikuzungushe.

Na wewe hukujua, shangazi, kwamba hakuna yule mama wa wodini. Ni mimi.

Siandiki ili kukuumiza. Barua yako ya Mei niliisoma mara moja, sikuirudia. Uliniambia nimche Mungu. Nilimcha. Nilifunga, nilisali, nilipiga magoti hadi magoti yakaota sugu, haikusaidia. Na uliposema ungepewa wewe, nikaona umesema kweli, ndipo kalamu ikanishinda. Ningemwambiaje mtu aliyesubiri miaka kumi na minne kwamba mimi namtazama mwanangu kama ninavyotazama ukuta?

Sasa nikueleze kilichotokea. Ilikuwa mchana, jua limewaka, mama mkwe ameenda sokoni. Nilikuwa namwogesha. Beseni, sabuni, taulo, kila kitu mahali pake, kama ninavyowafundisha wanafunzi. Mara wazo likaja. Sitalitaja hapa wala popote. Halikuwa sauti, halikuwa pepo. Lilikuwa wazo tu, tulivu, kama mtu anayekukumbusha kuanua nguo. Nikatazama mikono yangu ndani ya maji, nikaiogopa.

Nikamtoa. Nikamfuta, nikamvika, nikamlaza katikati ya kitanda na mito pande zote. Nikatoka, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaenda hadi mlango wa pili kwa mwalimu, yule jirani yetu aliyestaafu. Nikamwambia, "Mama, shika ufunguo huu. Kakae na mtoto mpaka bibi yake arudi. Mimi usinipe, hata nikikulilia."

Akaniangalia kidogo. Hakuuliza kwa nini. Akasema, "Kaa kwenye kiti hicho. Usitoke hapo."

Nilikaa. Nikamsikia mtoto analia kupitia ukutani, kisha nikamsikia mwalimu anamwimbia wimbo wa darasa la kwanza wa kujifunza herufi. Mtoto ananyamaza kwa irabu, analia kwa konsonanti. Nilikaa nikisikiliza mtoto wangu anabembelezwa na mtu mwingine, na nilichohisi ni kwamba yuko salama, basi.

Mume wangu aliitwa akaja. Nilitegemea hasira. Alikaa sakafuni karibu na kitanda na viatu vyake vya kazi akasema, "Mimi najua mashine tu. Niambie nifanye nini." Nikamwambia anipeleke hospitali, si kwetu, ile nyingine, wasikonijua.

Daktari ni mama wa makamo. Aliniuliza, "Wewe mkunga, wazazi wa namna hii umewaona wangapi?" Nikasema wengi. Akauliza, "Uliwaambia nini?" Nikasema, "Kwamba watazoea." Hakunisuta. Akasema ni ugonjwa, unawapata wanawake baada ya kujifungua, haumchagui asiyempenda mtoto wala asiyemcha Mungu, na una dawa. Dawa inachukua wiki kadhaa. Nisikae peke yangu na mtoto. Naruhusiwa kunyonyesha.

Sasa nakuomba. Una maziwa, una moyo, una kitanda cha Seremala. Mchukue mwanangu. Si kwa muda, shangazi. Mchukue. Mama mkwe amechoka, anatetemeka mikono. Wewe utampenda. Mimi nitakuja kumwona kama wanavyokuja ndugu zake wengine.

Mwanao.


Tarehe 15 Agosti

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa chini.

Maneno yale ya Mei nayafuta. Niliyasema nikiwa namwogopea mwanangu, yakaenda yakamkuta mwanangu mwingine. Ulimi hauna mfupa, lakini umekuvunja. Nisamehe.

Mtoto sitamchukua. Nitakuchukua wewe, naye atakuja kwa sababu yuko nawe.

Umesema umemwona mtoto kama ukuta. Mimi nimesoma kwamba mtu aliogopa mikono yake, akamvika mtoto, akamzungushia mito, akampelekea mtu mwingine ufunguo. Jina la mtu huyo mimi nalijua. Wewe kama bado hujalijua, si neno, utalijua polepole, dawa iko kazini.

Seremala anakuja kuwachukua kwa treni ya Jumamosi. Usibishane naye, ameshauza dawati la mwisho na ameshanyoa. Mlete na mama mkwe kama anataka kupumzika, godoro lipo. Dawa zote uje nazo na karatasi ya daktari. Nguo za mtoto usihangaike, nyumba hii ina fundi.

Hutakaa peke yako naye hata dakika moja. Hilo ni langu.

Shangazi yako.


Tarehe 28 Novemba

Kijino mwanangu,

Mmefika salama? Treni haikuwachosha? Nyumba imekuwa kubwa. Baba yako anazunguka vyumbani anatafuta miwani iliyo usoni. Anasema hatafuti mtu, anatafuta miwani.

Nilitaka kukwambia haya ulipokuwa hapa, nikaogopa kuyagusa. Wiki zile za kwanza ulipokaa pembeni ya mlango wa kibanda, unatazama barabara, nami nawanyonyesha wawili, huyu kushoto huyu kulia, nilikuwa nakuogopea kuliko hata ulivyojua. Nilikuwa nikishona nakuchungulia. Kisha ile asubuhi mwanao alipoanza kulia kikapuni, nami nikajifanya sisikii kwa kuwa nilikuwa katikati ya mfuko wa suruali. Ukainuka. Hukunitazama wala kuniuliza. Ukamtoa, ukamweka begani, ukaanza kumpiga mgongo ukimwambia, "Najua. Najua." Uzi wangu ulikuwa umekatika, mwanangu, na sikuufunga. Nilikanyaga cherehani tupu karibu saa nzima, nikiogopa kwamba nikinyamazisha mashine utashtuka ukamrudisha kikapuni.

Yule mteja alikuja kuchukua suruali haina mfuko. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa.

Sasa habari za Kibibi. Tulikwenda hospitali kubwa Jumanne, siku tuliyopangiwa baada ya kungoja miezi. Karatasi yako ilifungua milango, pale mapokezi walidhani mimi ni mtu mkubwa. Walimpima akiwa macho, kisha wakampima amelala, nyaya kichwani kama redio ya baba yako ilipokuwa imefunguliwa. Tukasubiri kwenye benchi. Daktari kijana akatuita, akavuta kiti akakaa karibu. Nikajua. Mwenye habari njema hakai karibu hivyo.

Akasema, "Mama, masikio yote mawili hayasikii. Alizaliwa hivyo."

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Aliyenishangaza ni Seremala. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni nyundo zangu? Alipokuwa tumboni nilikuwa nagonga misumari kutwa nzima, mke wangu amekaa karibu." Yule kijana akasema, "Hapana, mzee. Nyundo hazihusiki kabisa." Nikamsikia mume wangu anashusha pumzi kama mtu aliyetua gogo. Tangu ile Jumapili ya kifuniko alikuwa amelibeba, naye kila siku anaamka anachukua nyundo anaenda kazini. Na mimi nikilala pembeni yake sikujua.

Tulipotoka nje nililia. Alinisubiri. Hakuniambia ninyamaze.

Wametuelekeza kwenye shule ya watoto wasiosikia, tukapita siku hiyo hiyo. Mwalimu aliyetupokea mwenyewe hasikii. Alimtazama Kibibi, Kibibi akamtazama, na wallahi waliongea. Mwalimu alifumba na kufumbua macho, akatoa ulimi, akafanya vidole kama ndege, na mwanangu akatupa mikono juu na kutoa sauti ambayo sijaisikia kwake. Akanifundisha ishara ya mama, ya maziwa, ya lala, ya njoo. Tutakwenda kila Alhamisi. Nimekuwa mwanafunzi kwenye uzee, na mimi ndiye mzito darasani. Seremala ananicheka, vidole vyake vinashika upesi.

Sitakudanganya kwamba nimeridhika. Nikipita mahali mama anamwimbia mtoto, natazama pembeni. Nilikuwa na nyimbo nyingi nimeziweka miaka kumi na minne. Bado namwimbia, kifua changu kwenye kifua chake, maana nahisi anapenda ule mtetemo. Lakini si raha ile niliyoingoja, na nimeruhusu moyo wangu uiomboleze, kama ulivyoniambia nifanye.

Wewe unaendeleaje? Dawa unakunywa? Na usiniandikie ripoti.

Shangazi yako.


Tarehe 22 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa baba, na kwa mzee Seremala, na busu kwa Kibibi kwenye yale makunyanzi, kama bado yapo.

Huku wazima. Baba wa mtoto amehamishiwa kituo cha karibu, sasa anarudi nyumbani kila jioni. Mama mkwe amerudi kwake kupumzika, na yule mwalimu wa mlango wa pili ndiye anayebaki na mtoto ninapokuwa kazini. Anasema mwanafunzi huyu ameshajua irabu zote, hasa A.

Dawa nakunywa. Daktari ananiona kila mwezi. Sijapona kabisa, shangazi, na sitaki kukupambia maneno. Kuna siku naamka kila kitu kina rangi ya majivu, natimiza kazi moja baada ya nyingine kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Siku hizo namwambia mume wangu, "Leo ni jiwe," naye hatoki nyumbani mpaka mwalimu aje. Wazo lile halijarudi. Niliwahi kuingoja siku moja ambayo ningeamka nikute upendo umeshawekwa mezani. Haikuja. Nimeacha kuingoja.

Ila leo kuna jambo limetokea, nami nimeona nikuandikie kabla sijavua sare.

Nilikuwa wodini, asubuhi imekwisha, nakunja mashuka na muuguzi mwenzangu, yeye ncha hii, mimi ile. Hakuna mtoto aliyelia, hakuna aliyemtaja mtoto. Nilikuwa nafikiria mashuka. Nikamkumbuka. Si kwa hofu, wala si kama mtu anavyokumbuka kwamba kaacha jiko linawaka. Nilikumbuka shingo yake, pale nyuma, panaponukia. Nilipataka. Nilipataka vibaya sana, shangazi, kama kiu. Maziwa yakanitoka yakalowesha kifua chote cha sare, nikaachia shuka.

Mwenzangu akaniuliza, "Umeumwa na nini?"

Nikasema, "Namtaka mwanangu."

Nilivyolisema hilo neno nikakaa juu ya mashuka nikalia kwa sauti. Yeye hajui habari zangu, akaona ni kioja. "Sasa kulia kwa nini? Zamu imekwisha, si uende ukamchukue!"

Nilikimbia. Mtu mzima, sare imelowa, nakimbia barabarani mkoba unanipiga kiunoni, watu wananipisha njia wakidhani kuna mwanamke anajifungua mahali. Mmoja akanipigia kelele, "Fanya haraka, mkunga!" Nikafanya haraka.

Mwalimu alinifungulia akaweka kidole mdomoni. Mtoto alikuwa amelala.

Nikamwamsha.

Mwanao,
Kijino